Je, polisi waweza kupekua taka za nyumbani bila kibali?

Ni nadra mtu kudhani kuwa anatoa ushahidi afungapo mfuko wa taka na kuuacha kando ya lango. Maganda ya ndizi, chupa tupu, risiti za dukani, bahasha za benki, pakiti za dawa alizoandikiwa na daktari na barua aliyoichana kwa hasira, vyote huingia humo na kusahaulika kabla mzoaji taka hajapita.

Lakini itakuwaje iwapo aliyetangulia kufika si mzoaji taka bali ni afisa wa polisi? Je, ana haki ya kuufungua mfuko huo, kupekua kitu kimoja baada ya kingine, kisha kutumia alivyovipata kumfikisha mwenye nyumba kizimbani?

Swali hili huenda likaonekana la mzaha. Hata hivyo, nchini Marekani limefika hadi Mahakama ya Juu, likawagawanya majaji, na hadi leo lina majibu tofauti kutegemea jimbo analoishi mwenye nyumba. Chini ya Katiba ya taifa hilo, polisi hawahitaji kibali cha mahakama kupekua taka zilizowekwa kando ya barabara zikisubiri kuzolewa. Chini ya katiba za majimbo kadhaa, wanakihitaji.

Kiini cha mvutano huo ni jambo moja: je, mtu anapotupa kitu, huwa ameitupa pia siri iliyomo?

Kisa cha Laguna Beach

Kesi iliyoweka msingi wa sheria hiyo ilianza mapema mwaka wa 1984 katika mji wa Laguna Beach, jimboni California. Mpelelezi wa polisi, Jenny Stracner, alipata habari kuwa mkazi mmoja, Billy Greenwood, huenda alikuwa akifanya biashara ya dawa za kulevya. Mshukiwa mwingine alikuwa amewadokezea maafisa kuwa lori lililobeba dawa hizo lilikuwa njiani kuelekea nyumbani kwa Greenwood. Jirani naye alikuwa amelalamika kuhusu magari mengi yaliyofika hapo usiku wa manane, yakakaa dakika chache tu na kuondoka.

Mnamo Aprili 6, 1984, Stracner alimwomba mzoaji taka wa kawaida wa mtaa huo aichukue mifuko ya plastiki ambayo Greenwood alikuwa ameiacha mbele ya nyumba, na amkabidhi bila kuichanganya na ya majirani. Mzoaji huyo kwanza aliondoa taka nyingine zote garini mwake, akaichukua mifuko hiyo na kumpa mpelelezi.

Ndani yake mlikuwa na vitu vilivyoashiria matumizi ya dawa za kulevya. Stracner alivieleza katika hati ya kiapo aliyoiwasilisha mahakamani, naye akapewa kibali cha kuipekua nyumba. Polisi walipoingia walikuta kokeini na hashishi. Greenwood na mwenzake walikamatwa, kisha wakaachiliwa kwa dhamana.

Magari ya usiku hayakukoma. Mwezi Mei mwaka huo huo, mpelelezi mwingine aliipata mifuko ya taka za nyumba hiyo kwa njia ile ile, akapewa kibali cha pili, na ushahidi zaidi ukapatikana.

Hata hivyo, mahakama ya California iliyaondoa mashtaka hayo. Ilifuata uamuzi uliotolewa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka wa 1971, katika kesi ya Krivda, kwamba kupekua taka za mtu bila kibali ni kuivunja haki yake. Kwa kuwa kibali cha kuingia nyumbani kilijengwa juu ya taka zilizopekuliwa isivyo halali, kila kilichopatikana humo nacho hakikufaa kuwa ushahidi. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilikubaliana na msimamo huo. Ndipo upande wa mashtaka ulipoipeleka kesi Washington.

Majaji wagawanyika

Mnamo Mei 16, 1988, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu yake kwa kura 6 dhidi ya 2. Jaji mmoja, Anthony Kennedy, hakushiriki. Polisi walishinda.

Ili kuielewa hukumu hiyo, ni sharti kwanza kulitazama Rekebisho la Nne la Katiba ya Marekani, lililoidhinishwa mwaka wa 1791. Rekebisho hilo huwalinda watu, nyumba zao, hati zao na vitu vyao dhidi ya upekuzi usio wa haki, na kuagiza kuwa kibali kitolewe tu pale panapokuwa na sababu ya kutosha iliyotolewa kwa kiapo. Liliandikwa na watu waliokuwa na kumbukumbu chungu ya maafisa wa mfalme wa Uingereza, ambao waliweza kuingia popote wakiwa na kibali kisichotaja nyumba wala kosa.

Mwaka wa 1967, katika kesi ya Katz, iliyohusu mtu ambaye simu zake zilinaswa akiwa ndani ya kibanda cha simu ya umma, mahakama hiyo iliweka kipimo kinachotumika hadi sasa. Kwanza huulizwa kama mhusika alitarajia kuwa na faragha. Pili huulizwa kama jamii iko tayari kuyakubali matarajio hayo kuwa ya haki.

Jaji Byron White, aliyeiandika hukumu ya Greenwood kwa niaba ya walio wengi, alikubali kuwa huenda Greenwood hakutarajia mtu aifungue mifuko yake. Lakini alisema jamii haiwezi kuyakubali matarajio hayo. Mifuko iliyoachwa kando ya barabara, alieleza, yaweza kufikiwa na wanyama, watoto, waokotaji taka na wadaku wa kila aina. Isitoshe, Greenwood aliiweka hapo kwa kusudi la kumkabidhi mtu mwingine, yaani mzoaji taka, ambaye naye angeweza kuichambua au kumruhusu mwingine kufanya hivyo. Kwa hivyo, polisi hawawezi kutakiwa kuufumbia macho ushahidi ambao mpita njia yeyote angeweza kuuona.

Jaji William Brennan, akiungwa mkono na Jaji Thurgood Marshall, alipinga vikali. Alikumbusha kuwa mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mzigo uliofungwa, kama vile sanduku la msafiri, haufunguliwi na polisi bila kibali. Je, mfuko mweusi uliofungwa fundo una upungufu gani? Mfuko mmoja wa taka, alisema, hueleza mtu anakula nini, anasoma nini, anaugua nini, anampenda nani, ana deni gani na anaunga mkono siasa za nani.

Kuhusu hoja ya wadaku, Brennan alijibu kuwa uwezekano wa mtu mkorofi kuifungua mifuko hauondoi haki ya mwenyewe. Kila nyumba yaweza kuvunjwa na mwizi, lakini hakuna asemaye kuwa kwa sababu hiyo polisi nao waingie watakavyo. Tena, sheria ya kaunti ya Orange, ulipo mji wa Laguna Beach, ilimlazimu kila mwenye nyumba kuziondoa taka zake angalau mara moja kwa wiki. Vipi basi mtu atasemekana kuisalimisha siri yake kwa hiari ilhali sheria ndiyo imemwamuru kuitoa nje?

Taka kama ufunguo wa mlango

Ni rahisi kuidharau kesi hii kwa kuwa mhusika alishukiwa kuuza dawa za kulevya. Lakini uzito wake haumo katika pipa, bali katika hatua inayofuata.

Katika kisa cha Laguna Beach, polisi hawakuhitaji kibali kuichukua mifuko. Hawakuhitaji hata kuwa na shaka yoyote kuhusu mwenye nyumba, kwa kuwa kisheria kitendo chao hakikuhesabiwa kuwa upekuzi. Walichokipata humo ndicho kilichomridhisha hakimu kutoa kibali cha kuingia vyumbani. Yaani taka zisizolindwa na sheria zilikuwa ufunguo wa nyumba inayolindwa na sheria kuliko mahali pengine popote.

Njia hiyo ya hatua mbili imekuwa ya kawaida katika upelelezi wa Marekani. Mabaki ya bangi kwenye mfuko pamoja na bahasha yenye jina na anwani ya mkazi yaweza kutosha kumshawishi hakimu. Hatari yake ni wazi. Nyumba hukaliwa na watu wengi, wageni huja na kuondoka, na yeyote apitaye barabarani aweza kutumbukiza kitu chake katika pipa la mwenzake. Mwenye pipa ndiye atakayeamshwa alfajiri kwa mlango kubishwa.

Hata anayejitahidi kuificha siri yake huenda asiokoke. Mwaka wa 1992, mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyekuwa amekatakata hati zake kwa mashine kuwa vipande vyembamba kabla ya kuzitupa. Maafisa wa kodi waliviokota vipande hivyo na kuviunganisha kimoja kimoja hadi maandishi yakasomeka. Mahakama ilisema kuwa kukatakata karatasi hakumpi mtu haki ambayo hakuwa nayo alipoiacha mikononi mwa umma.

Majimbo yakataa kufuata

Katiba ya Marekani huweka kiwango cha chini cha haki. Jimbo haliwezi kukipunguza, ila laweza kuwapa wakazi wake ulinzi zaidi kupitia katiba yake lenyewe. Majaji wa majimbo kadhaa wameutumia mwanya huo kuukataa msimamo wa Greenwood.

Hawaii ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka wa 1985. New Jersey na Washington zilifuata mwaka wa 1990, Vermont mwaka wa 1996, New Hampshire mwaka wa 2003 na New Mexico mwaka wa 2014.

Uamuzi wa New Jersey una mgawanyo wa kuvutia. Mahakama ya huko ilisema polisi wanaweza kuuchukua mfuko ulio kando ya barabara bila kibali, lakini hawawezi kuufungua kabla ya kukipata. Kwa maneno mengine, mfuko si siri, ila kilichomo ndani yake ni siri.

Indiana nayo ilichagua njia ya kati. Mnamo 2005, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kuwa kibali si lazima, lakini polisi wawe na sababu mahususi ya kumshuku mwenye nyumba, na tena wazichukue taka kwa namna ile ile ambayo mzoaji angezichukua. Lengo lilikuwa kuwazuia maafisa kuzunguka mitaani wakifungua mapipa ya kila mtu kwa kubahatisha.

Katika jimbo la Oregon, Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2019 kwamba mkazi anayeweka taka zake katika pipa lililofungwa na lisiloonyesha kilichomo ana haki ya faragha. Katika kesi hiyo, polisi waliiomba kampuni ya kuzoa taka ilichukue pipa la washukiwa na kuwakabidhi. Majaji walisema mtu anapompa mzoaji taka zake hutarajia zichanganywe na za wengine na kutupwa, wala hatarajii zipelekwe kituo cha polisi. Kwa uamuzi huo, waliuacha msimamo wao wenyewe wa mwaka wa 2007.

Iowa ilifuata mwaka wa 2021 kwa kura 4 dhidi ya 3. Hapo, afisa wa mji wa Clear Lake alikuwa ameichukua mifuko ya mkazi mmoja kutoka kwenye mapipa yaliyokuwa uchochoroni. Majaji walitoa hoja yenye uzito: sheria ya mji huo ilimkataza mtu yeyote asiyekuwa mzoaji mwenye leseni kuzichukua taka za mwingine. Ikiwa raia wa kawaida angetenda kosa kwa kulifungua pipa hilo, polisi hawezi kujitetea kuwa alifanya tu kile ambacho raia yeyote angeweza kukifanya.

Bunge la Iowa halikupendezwa. Mwaka wa 2022 lilipitisha sheria iliyotangaza kuwa mtu hana faragha katika taka alizoziweka nje ya makazi yake ili zizolewe, hatua iliyourudisha mvutano mahakamani. Je, Bunge laweza kukitangaza kuwa si siri kile ambacho mahakama imesema Katiba inakilinda? Swali hilo ni zito kuliko pipa lolote.

California yenyewe, iliyokuwa na msimamo thabiti tangu 1971, ilijikuta bila kinga. Wapiga kura wake walikuwa wamelibadilisha katiba ya jimbo mwaka wa 1982 kwa namna iliyowanyima washukiwa nafasi ya kuutumia ulinzi wa ziada wa jimbo kuukataa ushahidi mahakamani.

Wakuu waonjeshwa dawa yao

Huenda hakuna kisa kinachoonyesha ugumu wa jambo hili kuliko kile kilichotokea mjini Portland, Oregon, mwaka wa 2002. Polisi wa mji huo walikuwa wamezipekua bila kibali taka za afisa mwenzao aliyeshukiwa kutumia dawa za kulevya. Ilipoulizwa kama hilo lilikuwa halali, upande wa serikali ulishikilia kuwa taka zikishawekwa nje si siri tena. Jaji aliyeisikiliza kesi hakukubaliana nao.

Ndipo waandishi wa gazeti la Willamette Week walipoamua kuipima hoja hiyo. Walivikusanya vitu vilivyotupwa nje ya nyumba za mkuu wa polisi, meya na kiongozi wa mashtaka wa eneo hilo, wakavichambua na kuchapisha orodha ya walivyovikuta. Mkuu wa polisi na meya walighadhabika.

Ghadhabu hiyo ndiyo iliyokuwa jibu. Kipimo cha Katz huuliza kama jamii inayakubali matarajio ya faragha kuwa ya haki, na viongozi wenyewe, pasipo kukusudia, walikuwa wametoa ushahidi kuwa inayakubali.

Brennan alikuwa ametumia mfano wa aina hiyo mwaka wa 1988. Alikumbusha jinsi umma ulivyokasirika mwaka wa 1975 mwanahabari alipoichukua mifuko ya taka kutoka nyumbani kwa Henry Kissinger, aliyekuwa waziri wa mashauri ya nchi za kigeni wa Marekani.

Mahali ulipo mfuko

Hata pale hukumu ya Greenwood inapotumika, haiwapi polisi ruhusa ya kuingia popote. Ruhusa hiyo inahusu taka zilizotolewa nje ya eneo la karibu na nyumba. Pipa lililo nyuma ya jikoni au ndani ya ua uliozungushwa uzio bado limo katika eneo ambalo sheria ya Marekani hulihesabu kuwa sehemu ya makazi.

Mwaka wa 2013, katika kesi ya Jardines kutoka Florida, Mahakama ya Juu iliamua kuwa polisi waliomleta mbwa wa kunusa hadi kwenye baraza ya nyumba walikuwa wamefanya upekuzi, na hivyo walihitaji kibali. Kwa hivyo, afisa anayevuka ua ili kulifikia pipa ana kesi ngumu kuliko anayelikuta barabarani.

Nchini Kanada, Mahakama ya Juu ililizingatia jambo hilo mwaka wa 2009 katika kesi ya Patrick, mkazi wa Calgary. Polisi walikuwa wamenyoosha mikono yao kuvuka mpaka wa kiwanja chake ili kuichukua mifuko. Majaji walisema kuwa kwa kuiweka mifuko mpakani ili izolewe, Patrick alikuwa amekwisha kuitelekeza. Ila waliongeza kuwa taka zilizo barazani au karibu na nyumba ni jambo jingine, kwani hapo mwenyewe bado ana mamlaka nazo.

Enzi ya DNA

Hukumu ya 1988 ilitolewa kabla ya polisi kujua jinsi ya kusoma siri iliyo katika karatasi ya kupangusia pua. Leo hali ni tofauti.

Mnamo Aprili 2018, polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi, kwa mauaji na ubakaji uliotendwa katika miaka ya 1970 na 1980. Wapelelezi walikuwa wamemfikia kwa kulinganisha DNA ya mhalifu na ya watu wa ukoo wake waliojisajili katika tovuti ya nasaba. Ili kuthibitisha, walichukua karatasi ya shashi kutoka kwenye pipa la taka nje ya nyumba yake. DNA ililingana. Mwaka wa 2020 alikiri mauaji ya watu 13 na kufungwa maisha.

Vivyo hivyo, mauaji ya wanafunzi 4 wa chuo kikuu jimboni Idaho mnamo Novemba 2022 yalifumbuliwa kwa kiasi fulani kupitia taka zilizochukuliwa nje ya nyumba ya wazazi wa mshukiwa, Bryan Kohberger, jimboni Pennsylvania. DNA iliyopatikana ilikuwa ya babake, nayo ikaonyesha kuwa mtoto wake ndiye aliyeacha alama mahali pa tukio. Kohberger alikiri mwaka wa 2025 na kufungwa maisha.

Visa hivi viwili ndivyo hoja kuu ya wanaoitetea hukumu ya Greenwood. Familia zilizosubiri haki kwa miaka 40 hazingependa kusikia kuwa pipa la taka ni mahali patakatifu. Wapinzani nao hujibu kuwa katika kesi nzito kama hizo, polisi huwa tayari na sababu za kutosha kumshawishi hakimu, hivyo kibali hakingewazuia. Anayezuiwa na sharti la kibali, husema, ni yule afunguaye pipa bila sababu.

Mahakama ya Juu yenyewe imeonyesha dalili za kuyumba. Mwaka wa 2018, katika kesi ya Carpenter, iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kuwa polisi wanahitaji kibali kupata rekodi za kampuni ya simu zinazoonyesha mahali mtu alikokuwa, ingawa rekodi hizo zimo mikononi mwa mtu wa tatu. Jaji Neil Gorsuch, ambaye hakuiunga mkono hukumu hiyo, aliandika hata hivyo kuwa ana shaka na Greenwood. Watu wengi, alisema, wakimkuta jirani akichakura pipa lao, wataona wana haki ya kumkabili. Lakini hukumu ya 1988 haijabatilishwa.

Na hapa Kenya?

Katiba ya Kenya ya 2010 haitaji taka, lakini Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha. Haki hiyo inajumuisha kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake, kutonyang'anywa vitu vyake, na kutofichuliwa habari za familia yake au mambo yake ya kibinafsi pasipo sababu.

Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee katika suala hili. Hata kama mtu atasema kuwa mfuko uliotupwa si mali tena, bado habari iliyomo, kama vile matokeo ya hospitali au barua ya benki, ni habari ya kibinafsi. Katiba ya Marekani haina maneno ya wazi namna hiyo kuhusu faragha. Majaji wake wamelazimika kuitafuta ndani ya ulinzi wa nyumba, hati na vitu.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 118, humruhusu hakimu kutoa kibali cha kupekua mahali, jengo, meli, ndege, gari, sanduku au chombo chochote cha kuwekea vitu, pindi anapothibitishiwa kwa kiapo kuwa kuna jambo la kuchunguzwa humo. Pipa lenye mfuniko laingia bila shida katika maana ya chombo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 60, huruhusu upekuzi bila kibali pale ambapo kuchelewa kungehujumu uchunguzi, mradi afisa awe na sababu za msingi na aziandike.

Mshtakiwa anayedai kuwa haki yake ilivunjwa ana silaha moja muhimu. Kifungu cha 50(4) cha Katiba huagiza kuwa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupiliwe mbali iwapo kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaathiri utoaji wa haki. Kwa hivyo, si kila ushahidi uliopatikana isivyofaa hukataliwa. Jaji hupima.

Hoja ya Jaji White kuhusu waokotaji taka ingesikika kwa nguvu jijini Nairobi. Katika mitaa mingi, taka huzolewa na kampuni za kibinafsi au makundi ya vijana, na mfuko hupita mikononi mwa watu kadhaa wanaotafuta chupa, vyuma na plastiki kabla ya kufika katika jaa la Dandora. Lakini jibu la Brennan nalo lingesikika. Anayeokota chupa ili apate riziki hana haja na jina lililo kwenye bahasha, wala hana uwezo wa kumfunga mwenye jina hilo. Polisi ana haja nalo, na ana uwezo huo.

Hadi sheria itakapolinyoosha jambo hili, njia ya tahadhari ni ile ile kwa Mmarekani na kwa Mkenya. Karatasi zenye jina, nambari ya akaunti au habari za matibabu zisitupwe zikiwa nzima, na pipa likae ndani ya ua hadi siku ya kuzolewa. Tahadhari hizo humfaa kila mtu, awe na la kuficha au asiwe nalo, kwani polisi si wa pekee wanaojua kusoma kilichomo katika mfuko wa taka. Walaghai nao wanajua, tena wao hawaombi kibali.